Dhahabu Mgeni, Jiko Mwenyeji

Nyumba nyingi za Kikristo Ushirombo zilianza kabla ya ndoa. Kijana alipata mawe mazuri kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, akanunua bati na godoro, akamleta binti wa watu. Mtoto wa kwanza akazaliwa, wa pili akabatizwa kwa shida baada ya wazazi kuitwa na katekista, na ndoa yenyewe ikaja miaka baadaye, pengine kwenye misa ambayo paroko alikusanya wengi wa hali hiyo na kuwafungisha siku moja. Kanisani huitwa uchumba sugu, na ni nadra kusikia mahubiri ya familia yasiyougusa. Sikatai kwamba upo. Ninachopinga ni kuufanya ugonjwa wa kwanza wa familia. Ukizifuatilia nyumba hizi, zilizofunga ndoa na zisizofunga, utakuta zinaumwa jambo moja ambalo cheti cha ndoa hakiligusi: kazi inayoisimamisha nyumba kila siku haina hesabu, na fedha inayosifiwa kuwa ndiyo nguzo ya nyumba huja na kupotea bila mwenzi mmoja kujua ilikuwa kiasi gani.

Fundisho la nyumba ya Kikristo lilifika hapa mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, miaka miwili baada ya kuondoka Kipalapala karibu na Tabora. Askofu François Gerboin, aliyeiongoza Vikarieti ya Unyanyembe tangu 1897 hadi alipofariki mwaka 1912, alikaa hapa, na eneo lake la kichungaji lilifika mpaka Burundi. Hata wamisionari waliokwenda kuanzisha misheni ya kwanza ya Rwanda mwaka 1900 walipitia hapa. Masista Weupe nao walikuwa wamekwisha kufika kabla karne haijageuka.

Waumini wa kwanza, wengi wao, walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani au waliobaki bila ndugu. Wavulana walilelewa na mapadre, wasichana na masista. Walipokua walioana wao kwa wao, wakapewa mahali pa kujenga na shamba kando ya misheni. Nyumba ya mume mmoja, mke mmoja na watoto wao, bila shangazi mwenye kauli, bila wakwe, bila ng'ombe wa mahari, iliwezekana kwa urahisi kwa sababu waliooana hawakuwa na ukoo wa kuwadai. Tunasahau kwamba familia tunayofundishwa mpaka leo kuwa ndiyo kielelezo iliwafaa kwanza watu walionyang'anywa ukoo wao.

Wasumbwa wenyeji, na Wasukuma waliohamia na mifugo yao, walikuwa na kaya ya namna nyingine kabisa. Ng'ombe wa mahari, yaani bukwi, walitoka kwenye zizi la baba na wajomba, kwa hiyo waliotoa ng'ombe walikuwa na sauti ndani ya nyumba iliyopatikana. Mke hakuolewa na mtu mmoja, na mtoto hakuwa wa wawili tu. Ukristo ulipoenea nje ya vijiji vya misheni, mifumo hii miwili haikupigana mpaka mmoja ukashinda. Ilikaa pamoja, kama inavyokaa leo: harusi kanisani, ng'ombe kwa mkwe, na siku ya msiba ukoo unakalia viti vya mbele.

Kisha likaja jambo la tatu, dhahabu. Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa Shinyanga hadi mwaka 2012 ilipoingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Kikanisa bado ni Jimbo la Kahama, lililoundwa mwaka 1983. Barabara kuu ya Isaka kwenda Lusahunga inapita katikati ya mji, na malori ya Rwanda na Burundi hayalali. Lakini kinachoujaza mkoa watu si malori. Sensa ya 2012 ilihesabu Geita watu milioni 1.7, ile ya 2022 ilikuta wanakaribia milioni 3. Wengi wa wanaokuja hawaendi kuajiriwa kwenye mgodi mkubwa wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Wanafuata maduara ya wachimbaji wadogo, wanahama na rashi, yaani kila dhahabu mpya inaposikika, leo Bukombe, kesho Mbogwe, keshokutwa Chunya.

Anayefanya kazi kwenye duara hana mshahara. Mwenye duara anamlisha, anamnunulia dawa akiumwa, na mgao unakuja siku mawe yanapotoka. Duara likijaa maji au mkanda wa dhahabu ukipotea, miezi inapita bila senti. Mawe yakitoka yanapelekwa karasha yakasagwe, unga unaoshwa mwaloni, zebaki inakamata chembe, chembe zinachomwa, na kinachobaki kinapimwa. Tangu masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, Serikali inajua uzito wa kila gramu inayopita hapo: inakata mrabaha wake wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na muuzaji anaondoka na karatasi. Mnunuzi anajua, mwenye leseni anajua, ofisa madini anajua. Mke anajulishwa kwa kuona viatu vipya, au pikipiki, au kwa kusikia kwa jirani kwamba baba watoto wake alinunulia watu bia juzi kwenye mji wa Runzewe.

Sasa uliza nyumba hiyo ilikula nini miezi ile ya ukame wa duara.

Ilikula michembe na matobolwa. Viazi vitamu vikivunwa, kuanzia mwezi wa tano, mama na mabinti wanakaa chini siku nzima wakimenya na kukata. Vinavyokatwa vibichi na kuanikwa ni michembe, vinavyochemshwa kwanza ni matobolwa. Vikikauka vinaingia kwenye gunia na kusubiri masika, wakati ghala la mahindi linakaribia sakafu. Ilikula ugali wa muhogo uliolowekwa na kukaushwa. Ilikula majani ya kunde yaliyoanikwa, mlenda, karanga zilizosagwa, dagaa wa Mwanza wa kupimwa kwa kopo. Ilikunywa maji yaliyobebwa, dumu moja kichwani na moja mkononi, au manne kwenye baiskeli pale ambapo kijana wa kiume amekubali kwamba kuchota maji hakumpunguzii kitu. Mwenye ng'ombe alikuwa na maziwa ya mgando, asiye na ng'ombe alitegemea jirani. Pamba na tumbaku, mazao ambayo fedha yake hupokelewa kwa jina la baba hata kama palizi ilikuwa ya watu wote, yalilipa madeni ya pembejeo na kubakiza kidogo.

Haya yote ni kazi yenye utaalamu. Kujua kiazi kipi kinafaa michembe na kipi kitaoza, kukadiria gunia litafika mwezi gani, kugawa kopo la dagaa kwa watu tisa bila mtoto mdogo kukosa na bila mgeni kuona aibu, ni uongozi wa rasilimali ulio bora kuliko unaofanyika kwenye maduara mengi niyajuayo. Lakini jioni mtu akiuliza "nani anailisha nyumba hii?", watoto wenyewe watajibu "baba". Si uongo wa makusudi. Fedha ya dhahabu ikija inaonekana, inanunua bati na sare za shule kwa mkupuo. Gunia la michembe halionekani mpaka litakapokosekana.

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II aliandika waraka mrefu juu ya familia. Ndani yake yamo maonyo juu ya wanaoishi pamoja bila ndoa, na humo humo limo sharti kwamba kazi ya mwanamke nyumbani itambuliwe na wote kuwa na thamani isiyo na mbadala. Maonyo yale yamehubiriwa sana katika kanda hii. Sharti hili la pili limebaki kuwa kanga ya zawadi Siku ya Mama.

Mwanamke asiyejua mapato ya nyumba hujitafutia yake, na humo ndimo nyumba nyingi za sasa zinapopasukia. Mama ana genge la nyanya na vitunguu kando ya barabara, au anapika wali maharage mwaloni, au anaponda mawe kwa malipo ya debe. Anaingia kikoba, ananunua hisa kila wiki, anakopa kwa zamu, na mwisho wa mwaka wanavunja na kugawana. Vikoba vimewasomesha watoto wengi wa Bukombe. Lakini mtaji ukikatika, mtoto akilazwa, na baba hapatikani kwenye simu kwa sababu yuko rashi mpya, kuna wakopeshaji wanaotoa fedha asubuhi na kuanza kudai wiki inayofuata. Watu wameshaiita mikopo hiyo kausha damu. Mdai anapokuja kubeba sofa na televisheni, ndipo mume anajua kwamba mkewe alikopa, na ndipo mke anapata nafasi ya kusema kwamba yeye naye alijua kwa majirani habari ya mauzo ya mwezi wa tatu. Wazee wa jumuiya wanaitwa kusuluhisha. Kwa kawaida wanamkemea mama kwa kukopa kwa siri. Siri ya kwanza, ile ya karatasi ya soko la madini, haiwekwi mezani.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa mafundisho yetu. Tumefundisha uaminifu wa kitanda kwa bidii, na tumeacha uaminifu wa mfuko kuwa hiari ya mtu.

Kuna jingine, zito kuliko madeni. Katika Shinyanga, Mwanza na Geita, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kushutumiwa uchawi, na alama iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Macho hayo yanatoka wapi inajulikana. Yanatoka jikoni. Mwanamke aliyepika miaka hamsini ndani ya chumba kisicho na dirisha, kwa kuni mbichi, mabua ya pamba, na huko upande wa Shinyanga ambako miti ilikwisha hata kwa samadi kavu ya ng'ombe, anazeeka na macho yaliyoiva kwa moshi. Amewapikia watoto, amewapikia wajukuu, na kazi hiyo hiyo inageuzwa ushahidi wa kumkata panga. Mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba: mjane anakalia ardhi ambayo mtoto wa shemeji anaitaka, mtoto wa mtu anaugua, mganga anaulizwa, jina linatajwa. Imani hiyo ya kutafuta mkosaji wa bahati mbaya inapanda pia kwenye maduara. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa kanda hii kuanzia 2006 yalilishwa na uvumi kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Ilikuwa ni kesi ya mauaji ya kijana wa Bukombe ambayo mwaka 2009, mbele ya Mahakama Kuu iliyokaa Kahama, ilileta hukumu ya kwanza ya mauaji hayo.

Siwezi kuandika juu ya maisha ya kila siku ya nyumba za Kikristo za hapa na kuliruka hili, kwa sababu waliohusika hawakutoka mwezini. Katika mji wenye parokia ya zaidi ya miaka 130, swali la nani analaumiwa mtoto anapougua linapima ukatekumeni kuliko mtihani wa Amri Kumi. Zipo nyumba zilizofaulu. Bibi analala chumba kimoja na wajukuu, anaongoza rozari mwezi wa kumi, na mwanawe anamwambia mganga wa barabarani aondoke na vibuyu vyake. Nyumba kama hizo hazisifiwi popote, nami naziona kuwa ndizo matunda hasa ya misheni.

Kuhusu moshi wenyewe, mengi yamesemwa tangu Mei 2024, Serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imefika Ushirombo, na inaonekana kwenye maduka ya barabarani. Tatizo la mtungi ni kwamba unajazwa kwa fedha taslimu ya mara moja, na fedha ya namna hiyo ndiyo iliyo mfukoni mwa baba. Kuni zinalipwa kwa mgongo wa mama, ambao hauna bei. Kwa hiyo mtungi unakaa sebuleni umefunikwa kitambaa, unawashwa kwa chai ya mgeni. Huku Bukombe miombo bado ipo na kuni hazijawa mbali kama zilivyokuwa Shinyanga kabla ya mradi wa HASHI kuanza mwaka 1986 kufufua ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa. Ukaribu huo wa kuni unachelewesha mabadiliko kuliko umaskini.

Niseme sasa juu ya kilicho imara, maana kipo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa parokia, waliupa ujirani sura ambayo wahamiaji wa dhahabu waliihitaji bila kujua. Mtu anayefika Ushirombo bila ndugu anapata, ndani ya wiki chache, nyumba kumi au kumi na tano zinazomjua. Jumuiya inasali kwa zamu nyumba kwa nyumba, na zamu hiyo ina kazi ambayo liturujia haikuipanga: kila nyumba inaonekana ndani. Mama aliyepigwa hawezi kuficha jicho, mtoto aliyeachishwa shule anaulizwa, mgonjwa anapelekewa uji. Barua ya mwenyekiti wa jumuiya inahitajika kwa ubatizo, ndoa na mazishi, na hata wanaolalamikia kadi ya zaka wanakiri kwamba bila jumuiya mtu angezikwa na watu wa duara tu. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, umewapa kina mama mahali pa kusimama na kusema mbele za watu, jambo ambalo ukoo hauwapi.

Wasabato wamefanya vizuri kwa njia nyingine. Kwa kuwa Jumamosi hawapiki, Ijumaa nzima ni ya maandalizi: maji yanajazwa, nguo zinafuliwa, chakula kinapikwa kabla jua halijazama. Mama anapumzika siku moja kwa amri ya Mungu, na hakuna shemeji anayeweza kumwita mvivu. Wapo Wakatoliki wanaotania kwamba hilo tu lingetosha kuwahamisha. Walokole nao, kwa ukali wao dhidi ya pombe, wamerudisha nyumbani fedha ambayo ingeishia baa, ingawa baadhi ya makanisa mapya yanaipokea fedha hiyo mlangoni kwa jina la mbegu.

Hesabu ya mahudhurio inasikitisha kote: wanaosali jumuiya ni wanawake na watoto. Wanaume wako porini, au wamelala, au wanasema wataingia UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, duara likitema. Kwa hiyo mafundisho ya familia yanawafikia wale ambao tayari wanaibeba familia.

Sheria imeliangalia jambo hili kwa jicho pana kuliko tulivyolitangaza vigangoni. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja igawanywe kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni sehemu ya juhudi hizo. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na kuzitapanya, lakini kanuni ilibaki. Mama wa Ushirombo aliyekata michembe miaka ishirini ana sehemu katika nyumba ya bati. Wangapi wamewahi kuambiwa hivyo kanisani?

Kifo ni kigumu kuliko talaka. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 halimtambui mjane kuwa mrithi wa mumewe. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka mkoa wa Shinyanga, waliotolewa kwenye nyumba zao na wakwe, walilipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba mila hizo ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta. Walikwenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona Tanzania imekiuka wajibu wake. Hata hivyo mila haiwafungi wote. Tangu shauri la marehemu Innocent Mbilinyi mwaka 1969, mahakama imekuwa ikitazama jinsi mtu alivyoishi: kama aliachana na maisha ya kimila, mirathi yake inaweza kutoka nje ya mila. Kwa nyumba ya Kikristo hili ni jambo kubwa. Namna mnavyoishi, mlivyooana, mlivyowalea watoto, inaweza kuwa ushahidi. Na hapa lazima niipe ndoa ya kanisani heshima yake: mjane mwenye cheti ana pa kuanzia, wakati mwenzake wa uchumba sugu atalazimika kwanza kuthibitisha kwamba aliishi na marehemu miaka miwili na kuhesabiwa na watu kuwa mkewe. Paroko anayehimiza ndoa anafanya jema kuliko anavyoeleza mwenyewe.

Lakini cheti hakisemi shamba ni la nani. Linalosema ni wosia, na wosia wa maandishi unaweza kutunzwa kwa wakala wa Serikali wa RITA kwa utaratibu ulio wazi. Katika mafundisho ya wachumba, mahali ambapo kijana na binti wanaulizwa juu ya vizuizi vya ndoa na ubatizo wa watoto, muda wa saa moja ungetosha kuwakalisha waandike mambo mawili: mapato ya mwezi uliopita ya kila mmoja, na nani atabaki kwenye nyumba mmoja akifa. Kina mama wanaposikia pendekezo hili hucheka na kusema waume zao hawatakubali, kwamba kuandika wosia ni kujiitia kifo. Sababu ya pili hutajwa kwa sauti ya chini. Mwanaume anayeandika kwamba nyumba na shamba ni vya mkewe hakosi kusikia kwa ndugu zake, kabla wino haujakauka, kwamba amelishwa limbwata.